Wanangu, miaka mliyofanya kazi si miaka iliyoandikwa

Barua hii ni yenu ninyi mliokuwa mmesimama nyuma ya ukumbi siku tulipomuaga mzee mwenzangu. Wenzenu wa rika lenu ambao hawakuwapo nao waisome, maana maneno yenu ni yale yale. Niliwaona. Mlikuwa mmeinua simu mnarekodi hotuba, na mkuu alipotamka kwa majivuno "miaka 36 ya utumishi", mmoja wenu akaguna: "Thelathini na sita! Mimi nikigonga arobaini naacha kazi, nakaa zangu." Mkacheka. Nami nikacheka, kwa sababu nilipokuwa na umri wenu nilisema maneno hayo hayo, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Kicheko hakikuniudhi. Kilichoniudhi nilikutana nacho nusu saa baadaye, kule nje kwenye maegesho. Mzee mwenzangu alikuwa ameibana kwapani ile saa ya ukutani aliyozawadiwa. Akanivuta pembeni, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilitoka kwenye mfuko wake wa pensheni. Palipoandikwa miaka ya kuchangia palikuwa na namba moja tu: 21.

Akaniuliza, "Hiyo kumi na mitano mingine nilikuwa wapi?"

Nilikuwa naye, kwa hiyo najua alikuwa wapi. Alikuwa kazini. Alikuwa anafika kabla ya mlinzi kufungua geti. Lakini kwenye karatasi ile hakuwapo, na karatasi ndiyo inayolipa.

Najua mnapenda kuulizana mtu hufanya kazi ya kutwa miaka mingapi kabla ya kustaafu. Namba zipo, tuzimalize haraka. Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, hukadiria kila mwaka kijana wa leo atakuwa kwenye soko la ajira kwa muda gani maishani. Kwa mwaka 2023 wastani wa nchi hizo ulikuwa karibu miaka 37. Uholanzi ilivuka 43, Italia haikufika 33. Aliyeanza na miaka 25 akaondoka na 60 amefanya 35. Aliyeanza na 20 akaondoka na 65 amefanya 45. Kazi ya saa 40 kwa wiki, ukitoa wiki nne za likizo, ni saa 1,920 kwa mwaka. Kwa miaka 40 ni saa 76,800. Miaka 40 mizima, usiku na mchana, ina saa kama 350,000. Kwa hiyo unatoa zaidi ya moja ya tano ya saa zako zote, na unazotoa ndizo zile ambazo uko macho na una nguvu. Mkitaka namba ya kubishania, chukueni 35 hadi 40, mwachane nayo.

Ila hiyo ni hesabu ya mgongo. Kuna hesabu ya daftari, na hiyo hamuiulizii kabisa.

Turudi nyuma kidogo. Pensheni ya uzee inayotokana na michango ya wafanyakazi, kwa sheria ya nchi nzima, ilianzia Ujerumani mwaka 1889, enzi za Bismarck, kansela wa nchi hiyo. Watu wengi hukariri kwamba aliweka umri wa miaka 65. Si kweli, ilikuwa 70, na ilishushwa hadi 65 mwaka 1916, yeye akiwa ameshakufa zamani. Lakini wanaobishania umri husahau sharti la pili lililokuwa humo humo: mfanyakazi awe amechangia miaka 30. Yaani tangu siku ya kwanza kabisa jambo hili lilikuwa na milango miwili, na anayeshika ufunguo wa mlango mmoja hukaa nje kama asiye na ufunguo wowote.

Hadi leo ni hivyo. Uingereza, kupata pensheni kamili ya serikali chini ya utaratibu mpya, unahitaji kwa kawaida miaka 35 iliyoandikwa, na ukiwa na pungufu ya 10 hupati kitu. Marekani huchukua miaka yako 35 yenye kipato kikubwa zaidi na kuitafutia wastani. Ukiwa na 28, ile saba inayokosekana inaingizwa kama sifuri, na sifuri hizo zinashusha wastani wote. Mwaka 2023 Wafaransa walijaa barabarani kupinga umri kupandishwa kutoka 62 hadi 64. Wengi wetu tulisikia hiyo 64. Sheria ile ile ilikuwa inaharakisha sharti la miaka 43 ya michango kwa anayetaka pensheni bila kukatwa. Aliyeanza kazi na miaka 25 ajumlishe mwenyewe. Na Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake Namba 102 wa mwaka 1952, liliweka kiwango cha chini ambacho nchi zinazouridhia zikifikie: aliyechangia miaka 30 apate walau asilimia 40 ya kipato chake cha zamani. Asilimia 40, wanangu. Hicho ndicho kima cha chini cha heshima walichokubaliana watu wazima mezani.

Sasa niwaambie ile 15 ilikwenda wapi, maana nimekaa na mwenzangu siku nne tukiichambua, na hakuna hata mwaka mmoja uliopotea kwa miujiza.

Sita ya kwanza alikuwa kibarua. Mkataba wa miezi mitatu, ukiisha anapewa mwingine, na mwingine, na mwingine. Kazi ilikuwa ile ile, kiti kile kile, bosi yule yule. Kwenye vitabu alikuwa mgeni kila baada ya miezi mitatu, na mgeni hachangiwi.

Mitano iliyofuata ilizama pale mahali petu pa kazi palipopata mwenye mali mpya. Watu wote waliandikishwa upya. Karani aliandika jina la mwenzangu kwa herufi moja tofauti, akapewa namba mpya ya uanachama. Michango ya miaka mitano imekaa kwenye namba ya mtu ambaye hayupo duniani, mtu mwenye jina linalofanana na lake. Herufi moja! Na yeye alikuwa na kadi ile mfukoni miaka yote, hakuwahi kusoma jina lake mwenyewe akaliangalia vizuri.

Minne ya mwisho ndiyo inayonifanya niandike kwa mkono unaotetemeka. Makato yalikatwa. Kila mwezi, kwenye hati ya mshahara, mstari wa pensheni ulikuwapo na kiasi kimeandikwa. Fedha hizo hazikufika kwenye mfuko. Mwajiri alizikata akazitumia kwa mambo yake, kampuni ikayumba, ikabadili jina, mambo yakaendelea. Hilo lina jina moja tu la Kiswahili, nalo ni wizi. Lakini hakuna aliyevunja dirisha, kwa hiyo linaitwa "malimbikizo".

Sita, mitano, minne. Hesabu imetimia.

Na mjue maana yake kwa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni. Chukulieni mfumo unaotoa moja ya sitini ya mshahara kwa kila mwaka uliochangiwa. Ni mfumo wa zamani na mwepesi kuuelewa. Kwa miaka 36 angepata 36 kwa 60, yaani asilimia 60 ya mshahara wake kila mwezi hadi kufa. Kwa 21 anapata asilimia 35. Sasa fikirieni mnaishi kwa theluthi ya mshahara mnaolalamikia leo, na mgongo wa miaka 60.

Nimwambie nini mtu kama huyo? Nimwambie mchumia juani hulia kivulini? Juani alikuwapo. Kivuli ndicho kilichopimwa na mtu mwingine.

Nakuja kwako wewe uliyesema utaacha ukiwa na arobaini. Sikutaji jina, lakini siku ile ile, tukiwa tunangoja usafiri, uliwaeleza wenzako kwa furaha kwamba umeshabadilisha kazi mara mbili, na mara zote mbili umechukua michango yako yote. "Pesa yangu, nikae nayo mwenyewe." Mara ya kwanza simu na samani. Ya pili ukasema ilikwenda tu, hukumbuki ilikwenda wapi. Kijana wangu, una miaka 29 na umeshafanya kazi miaka saba. Kwenye daftari una mwaka mmoja na miezi minne.

Ningekugombeza zaidi, ila aibu inanizuia, kwa sababu nilifanya hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka 31, nimechangia miaka minane, nikahama kazi. Mfuko wa akiba ule uliruhusu kuchukua chote, nikachukua. Nikanunua gari lililotumika. Nakumbuka rangi yake, nakumbuka nilivyopiga honi nilipofika nyumbani, watoto wakatoka mbio. Gari lile lilikufa baada ya miaka miwili na injini yake iliuzwa kama chuma chakavu. Miaka minane haikurudi. Nimestaafu na 60 nikiwa nimefanya kazi miaka 37, na nikalipwa kwa 29. Fedha zile kama ningeziacha zikakua kwa asilimia 6 tu kwa mwaka, baada ya miaka 29 zingekuwa zaidi ya mara tano ya nilizochukua. Mfumuko wa bei ungekula sehemu kubwa, sikatai. Lakini gari nalo lililiwa na kutu.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilidhani walikuwa wanawasema wenye maduka. Walikuwa wananisema mimi niliyeajiriwa, ninayedhani kuna mtu mahali fulani ananiandikia.

Hakuna anayekuandikia. Nisikilizeni hapa, nanyi mlioanza kuchoka kusoma rudini kidogo. Mtu anafuatilia timu yake ya mpira hadi idadi ya kona. Anajua nani alimpigia pasi nani mwaka juzi. Muulize mchango wake wa mwezi uliopita ulifika kwenye mfuko au haukufika, anakuangalia kama umemuuliza habari za mwezini. Taarifa ya michango mnaweza kuiomba, na mifuko mingi siku hizi inaionyesha kwenye simu hiyo hiyo mnayorekodia hotuba za watu. Iangalieni kila baada ya miezi sita. Linganisheni mwezi kwa mwezi na hati ya mshahara. Mwezi ukikosekana, ulizeni mwezi huo huo kwa maandishi, na mtunze nakala. Mwezi mmoja ukiuliziwa mapema ni kosa la karani. Ukiuliziwa baada ya miaka 20 ni kesi, na kampuni yenyewe haipo, karani amekufa, na wewe una fimbo mkononi.

Tunzeni hati za mshahara zote. Zote. Msiniambie ziko kwenye barua pepe ya ofisi. Siku ya kuondoka, hiyo barua pepe inafungwa kabla hujafika getini. Barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, kila mkataba hata ule wa miezi mitatu, barua ya kuacha kazi. Angalieni jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya uanachama. Ukibadilisha kazi ubaki na namba ile ile. Ukiolewa ukabadilisha jina, peleka cheti kwenye mfuko kabla hujamaliza kutuma picha za harusi.

Nimeshasema sana juu ya hilo, na ningeweza kusema tena.

Habari ya kustaafu na arobaini, siikejeli. Watu wapo waliofanya. Lakini fanyeni hesabu yake kwa kalamu. Wanaohubiri jambo hili wengi hutegemea kanuni ya mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, aliyeonyesha mwaka 1994 kwamba mstaafu angeweza kuchukua kama asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kulingana na mfumuko wa bei, na fedha zisimwishie. Kwa maneno mengine unahitaji akiba ya mara 25 ya matumizi yako ya mwaka. Tuseme akiba inakua asilimia 5 kwa mwaka baada ya kuondoa mfumuko wa bei, jambo ambalo si la kila mahali wala la kila mwaka. Anayeweka sehemu ya kumi ya mshahara wake atafanya kazi miaka kama 51. Anayeweka moja ya tano, kama 37. Nusu, karibu 17. Wewe unayetaka kuanza na 25 na kumaliza na 40 una miaka 15, kwa hiyo unatakiwa uweke zaidi ya nusu ya mshahara kila mwezi, miaka yote 15, usikose hata mmoja. Hesabu hiyo haina mtoto anayelazwa, haina mdogo wako anayehitaji ada, haina mwezi ambao mshahara umechelewa. Na Bengen alipima kustaafu kwa miaka 30, kwa hisa na hatifungani za Marekani. Ukiacha kazi na 40 unaweza kuwa na miaka 45 mbele yako.

Mshahara wa wengi wetu haugawanyiki nusu. Nusu yake yenyewe haitoshi kula. Asiyeweza kuweka nusu si mzembe, na nimechoka kusikia vijana wakisemana vibaya kwa sababu hiyo. Lakini anayeweza kuweka moja ya kumi akaacha kuweka kwa sababu hawezi kuweka nusu, huyo namwita mzembe hata kama ni mwanangu wa kumzaa.

Mabinti, nanyi nina neno lenu, fupi kwa sababu ninyi mnalijua kuliko mimi. Dada yangu aliacha kazi mara tatu. Mara mbili kwa ajili ya watoto, mara ya tatu kumuuguza mama yetu. Jumla miaka 11. Mimi kaka mtu niliendelea kwenda ofisini, nikipandishwa cheo, nikipiga simu jioni kuuliza mama ameamkaje. Kikokotoo kiliniandikia mimi mwaka, yeye kikamwandikia sifuri, kwa mwaka ule ule, kwa mama yule yule. Ujerumani humwandikia mzazi miaka 3 ya pensheni kwa kila mtoto aliyezaliwa tangu 1992, kama vile alikuwa kazini, kwa sababu alikuwa kazini. Inawezekana basi. Ni uamuzi tu. Kabla hamjaacha ajira kwa ajili ya familia, kaeni na waume zenu na kaka zenu, mkubaliane nani anaendelea kulipa mchango wenu wa hiari kama mfuko unaruhusu. Liwekeni mezani kama mnavyoweka ada ya shule. Na ninyi wanaume, msingoje kuombwa. Mimi nilingoja, na sasa ninampelekea dada yangu fedha kila mwezi, naye anazipokea akiniita mkarimu. Ile ni haki yake iliyochelewa.

Kwa waajiri na wakubwa, kama mmoja wenu atafika hapa chini kwenye kusoma. Mnatangaza nafasi ya kazi kwa kijana aliyemaliza chuo jana, mnataka uzoefu wa miaka mitano. Anazunguka na bahasha hadi anafika 29. Akishaajiriwa, akifika 50 mnaanza kusema ofisi inahitaji "damu mpya". Wakati huo huo umri wa kustaafu unasukumwa mbele: bunge la Denmark mwaka 2025 lilipitisha ufike 70 ifikapo 2040, China ilianza mwaka huo huo kuupandisha hatua kwa hatua, wanaume kutoka 60 hadi 63. Naelewa sababu, watu wanaishi muda mrefu na watoto wanazaliwa wachache. Lakini kamba inakatwa mwanzo, inakatwa mwisho, kisha mtu anaambiwa aivute ifike sabini. Na anayebeba zege hawezi kuwekwa kwenye mstari mmoja na mimi niliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka. Miaka 30 yake na 30 yangu hazikuchukua kitu kimoja mwilini.

Tena hapa nazungumza na wenye mwajiri. Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2018 kwamba watu bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya wanaofanya kazi duniani, wako kwenye ajira isiyo rasmi. Kwao hakuna tarehe ya kustaafu. Kustaafu kwao ni siku mwili unapokataa. Niliwahi kumuuliza fundi mmoja wa viatu atapumzika lini, akaniangalia, akarudi kwenye sindano yake. Kama wewe ni wa kundi hilo na kuna mfuko unaopokea wanachama wa hiari, jiandikishe hata kwa kidogo. Kama hakuna, lawama si yako.

Mengine nayataja tu, mkiyataka kwa urefu nitafuteni. Chukueni likizo yenu. Mimi nililimbikiza siku za likizo miaka tisa na zikafutwa kwa waraka wa aya moja. Msichukue mkopo ambao rejesho lake linavuka tarehe ya kustaafu. Sasisheni majina ya warithi kwenye mfuko, kuna mjane niliyemwona fedha zikienda kwa mtalaka wa miaka 20 iliyopita. Macho na meno yatibiwe wakati bima ya kazini ipo. Msiingize mkupuo wote wa fedha za kustaafu kwenye biashara ambayo hamjawahi kuifanya hata kwa wiki moja. Jifunzeni kazi ya pili ya mikono kabla ya 50. Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu mtaamka saa kumi na moja alfajiri na kuvaa viatu. Kaeni chini, itapita.

Mzee mwenzangu hajakata tamaa. Ile sita ya ukibarua tumeiacha, haina pa kushikia. Mitano ya herufi moja inaweza kuunganishwa akipeleka vyeti na kiapo cha majina. Ile minne inataka ushahidi kwamba alikuwa kazini na kwamba alikatwa. Tukifanikiwa kote atafika 30, na kwa kile kikokotoo cha moja ya sitini hiyo ni nusu ya mshahara badala ya asilimia 35. Miezi 48 inatakiwa. Hadi jana usiku tulikuwa tumepata hati za mshahara 11, saba kwenye sanduku la nguo na nne zikiwa zimefungia picha ya harusi isipate vumbi. Mbili hazisomeki. Kampuni kwa barua yao ya wiki hii wanasema kumbukumbu zao zinaonyesha ameajiriwa nao kwa muda "usiozidi miaka 25".

Kwa hiyo nina ombi kwa yeyote kati yenu aliyerekodi ile hotuba. Msiifute. Mkuu alisema 36 kwa kinywa chake, akiwa na kipaza sauti, mbele ya ukumbi mzima, na nyuma yake bango lilikuwa na namba hiyo hiyo kwa herufi za dhahabu. Nileteeni nzima, msikate mwanzo wala mwisho, na tarehe ionekane. Tunakwenda huko Alhamisi saa mbili asubuhi.